Maji Yanayonuka Dawa

Kule Junda, ukishuka upande wa mikoko, kuna kisima cha wakfu ambacho maji yake ulikuwa unayanusa kabla hujayaona. Watu walitoka Mishomoroni na mitungi yao ya plastiki, wakapita visima vingine njiani, wakaja kupanga foleni hapo. Mtu akifika, kwanza ananusa mfereji, kama anavyonusa embe sokoni. Ukinuka dawa barabara anasema haya ndiyo maji. Usiponuka anauliza, "Mzee Mansur yu wapi leo? Mgonjwa?"

Mzee Mansur alikuwa mwenyekiti wa kisima. Kila Ijumaa akitoka kuswali alikuja na ndoo yake ya unga wa klorini, akafunua mfuniko, akamimina. Watu wa afya walipomfundisha kazi hiyo walimpa kikombe kidogo cha kupimia. Kisha ukaja mwaka wa kipindupindu. Watu walibebwa mpaka mikokoteni ikakosekana, na katika waliokufa alikuwamo Mwidani, kitinda mimba wake mwenyewe. Siku ile Mansur alipotoka makaburini alikitupa kikombe, akachukua kopo la samli, akamimina dawa kwa kopo. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kisima kile aliyezikwa kwa kuharisha. Basi kopo la samli ndilo likawa kipimo, na hapana aliyeuliza. Utamuulizaje mtu aliyekuokoa?

Mwanasaumu alikuwa mkaza mwana wake. Aliolewa na Najib, mwanawe Mansur, kutoka kwao Mtongwe, nyumba ya wakulima wa mihogo na minazi, na alikuja Junda na aibu zake zote. Mbele ya baba mkwe alisema "shikamoo" na "abee" na maneno mengine machache sana. Akiwa na haja alimwambia Najib, Najib akamwambia mama yake, Bi Swabra, na Bi Swabra akamfikishia mzee akishakula akashiba. Ndivyo mambo yalivyokwenda nyumba ile, na Mwanasaumu hakuona vibaya. Kusema kweli ilimfaa. Hakupenda kusikia sauti yake mwenyewe mbele za watu.

Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Hii sasa ilikuwa ya tatu, na tumbo lilikuwa limeshaanza kutangulia mlangoni kabla yake. Nyale, jirani aliyekuwa akikaanga bajia karibu na kisima, alikuwa akimwita Mama Kijacho tangu siku tumbo lilipoonekana, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Ilikuwa Nyale huyo huyo aliyemburuta kwenda kwenye mkutano wa Judy.

Judy alikuwa afisa wa afya wa eneo lile. Alikuwa amechukua maji ya kisima kwenye chupa, akayapeleka kupimwa, na sasa alirudi akawaita watu barazani pa madrasa. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma. Mwanasaumu alikaa nyuma kabisa, mgongo ukutani.

"Nimekuja na habari mbili," Judy alisema. "Ya kwanza nzuri. Hakuna vijidudu vya kipindupindu kwenye maji yenu. Dawa inafanya kazi."

Watu wakamgeukia Mzee Mansur. Naye akaitengeneza kofia yake kidogo.

"Ya pili si nzuri. Maji yenu yana uchafu wa majani. Majani yanaoza humo ndani, ndiyo maana maji yana ile rangi ya chai. Klorini ikikuta uozo kama ule inapambana nao, na katika kupambana huko kinazaliwa kitu kingine. Kemikali nyingine, majina yake marefu sitawachosha nayo. Na kwa kuwa kisima kina chumvichumvi ya bahari, zinazaliwa nyingi zaidi. Dawa ikiwa nyingi na uchafu ukiwa mwingi, nazo zinazidi. Zenu zimepita kiwango kinachoruhusiwa."

"Mbona hatujaanguka?" mtu mmoja akauliza.

"Hamtaanguka leo. Hii si sumu ya kukuua kesho. Ni ya kunywa miaka na miaka. Watafiti wanaihusisha na saratani ya kibofu. Kwa waja wazito bado wanachunguza, hawajakata kauli."

Nyale alimpiga Mwanasaumu kiwiko. Mwanasaumu hakuhisi.

"Sasa nisikilizeni vizuri," Judy aliendelea, "msije mkatoka hapa mkasema Judy kasema tuache dawa. Mkiacha dawa, kipindupindu kitarudi, na hicho hakingoji miaka. Ninachosema ni hiki: toeni uchafu kwanza. Kisafisheni kisima, ondoeni lile paa la makuti linalomwagika ndani, kisha dawa kwa kipimo chake. Kikombe, si kopo."

Mzee Mansur alisimama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Binti yangu, ahsante. Ulikuwa shule ya msingi mimi nilipokuwa nazika watu hapa. Paa lile nililijenga kwa mkono wangu, na kopo lile limewaweka hai hawa wote unaowaona. Inshallah tutaendelea hivyo hivyo."

Mkutano ukaisha namna hiyo. Watu walikwenda zao, na jioni foleni ikawa ndefu kama kawaida.

Lakini Mwanasaumu hakulala kama kawaida. Alianza kuyaona mambo aliyokuwa akiyapita kila siku. Akichemsha maji ya kuoga, mvuke ulimkwaruza macho. Chai ilikuwa na ladha ya nguo iliyotiwa jiki. Na Bi Swabra, ambaye zamani aliufukiza mtungi wa udongo kwa ubani na mastaki wageni wakija, sasa aliufukiza kila asubuhi, kisha akamimina maji ndani yake na kusema, "Haya, sasa yananyweka."

Alimwambia Najib. Najib alikuwa kibarua kwenye maghala ya Changamwe, na kila siku alirudi na vumbi la ngano mpaka kwenye kope.

"Nitamwambia Mama," alisema.

Siku zikapita. "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Najib. Wamwogopa babako?"

"Wewe humwogopi?"

"Namwogopa sana," Mwanasaumu alisema. "Lakini mimi ndiye ninayeyanywa kwa niaba ya mtu mwingine."

Basi Ijumaa ilipofika, wanaume walipokuwa bado msikitini, Mwanasaumu alijitanda leso yake, akashuka mpaka kisimani, akajikokota juu ya mfuniko wa zege, akakaa katikati. Miguu yake aliikunja chini ya dera ili isionekane.

Nyale aliacha bajia zikaungua upande mmoja. "Mama Kijacho, unangoja nini hapo juu? Mkunga?"

"Namngoja Baba."

"Baba yupi?"

"Mzee Mansur."

Nyale akamwangalia, akaangalia mfuniko, akaelewa. Akaepua karai, akavuta kibao chake akaja kukaa karibu. "Hii leo sitaki kuhadithiwa," alisema.

Wanaume walitoka kuswali. Mzee Mansur alikuja na ndoo mkono mmoja na kopo mkono wa pili, nyuma yake kundi lile la kila Ijumaa lililozoea kumtazama akimimina. Alipomwona mkaza mwana wake juu ya kisima, alisimama.

"Mwanasaumu."

"Abee, Baba."

"Una nini hapo?"

"Nimekaa, Baba."

"Naona umekaa. Inuka nitie dawa."

"Nisamehe, Baba. Siinuki."

Ilikuwa mara ya kwanza mtaa ule kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia magoti yake, lakini kila mtu alisikia.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokwama. Mzee Mansur hawezi kumgusa mkaza mwana wake, na yeyote mwingine hawezi kumgusa mke wa mtu, mja mzito, mbele ya macho ya watu wote. Wanaume wakaanza kuangalia minazi. Mmoja alisogea hatua, mwenzake akamvuta kanzu, akarudi.

"Mzee, kamuazimie winchi bandarini," Nyale alisema kutoka kwenye kibao chake. "Huyo na tumbo lile hanyanyuliki kwa mkono."

Wengine walicheka, wakaona Mansur hacheki, wakanyamaza.

"Mpigieni mumewe," Mansur alisema.

Simu ikapigwa, ikawekwa sauti ya nje. Nyuma ya Najib kulisikika lori likirudi nyuma. Akaelezwa.

"Amekaa juu ya kisima?"

"Juu kabisa. Hebu mwambie ashuke."

Lori likanguruma. "Baba," Najib alisema, "mimi niko kazini. Huko sipo. Lakini alichosema huyo, na mimi nimekisema. Nilikuwa naona haya kukuambia."

Simu ikazimwa. Mwanasaumu aliinamisha uso kabisa sasa, watu wasiuone.

Mzee Mansur aliiweka ndoo chini. "Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko hasira, "unajua kwa nini namimina kopo zima?"

"Najua, Baba."

"Hujui. Hukuwapo. Mwidani asubuhi alikuwa anacheza gololi pale. Magharibi nikamwosha mwenyewe. Wataka niseme harufu hii yanisumbua? Mimi nikiinusa nalala."

Mwanasaumu aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini hakushuka. "Baba, wallahi sikatai dawa. Nakataa dawa juu ya uozo. Mtu akiwa na jeraha chafu, tunaliosha kwanza ndipo tunatia dawa. Hiki kisima hatujakiosha tangu sijaolewa. Tukioshe. Kisha mimina, nami nitakushikia ndoo."

"Na leo watu wanywe nini?"

"Wanywe ya jana. Yananuka mpaka Mishomoroni, hayajaisha nguvu."

Hapo Nyale alicheka peke yake.

"Mwiteni mamake Najib," Mansur alisema. Maana mwanamke mwenziwe ndiye angeweza kumshika.

Bi Swabra alikuja na unga mikononi, alikuwa anakanda. Hakuuliza kitu, habari zilikuwa zimeshamfikia njiani. Alipanda kwenye ukingo, akamshika Mwanasaumu kifundo cha mkono, akavuta. Mwanasaumu alijishikiza kwa pete ya chuma ya mfuniko. Bi Swabra alivuta tena. Unga ukabaki kwenye ngozi ya Mwanasaumu, alama za vidole.

"Twende nyumbani. Umetuvua nguo."

"Mama, siendi."

"Mimi nimezika, wewe. Usinichezee."

"Mama, kwa nini unafukiza mtungi kila siku?"

Bi Swabra aliacha kuvuta. "Kwani kufukiza mtungi ni haramu?"

"Zamani ulifukiza kwa wageni. Sasa kila asubuhi. Na bado ukiyanywa unafumba jicho moja. Nimekuona, Mama."

Bi Swabra alibaki ameushika ule mkono, lakini havuti. Alimwangalia mumewe, akaangalia paa la makuti lililoinama juu ya vichwa vyao, jeusi, limetoboka, na nyuzi zake zinaning'inia mpaka kwenye ufa wa mfuniko.

"Kemikali zenu mimi sizijui," alisema mwishowe. "Najua kimoja tu. Tukikisafisha, dawa itatiwa?"

"Itatiwa, Mama. Mbele yako."

"Leo leo?"

"Leo leo."

"Na akiugua mtoto wa mtu hapa, mtoto mmoja tu, utatoka nyumbani kwangu. Tumbo au si tumbo."

Mwanasaumu angeweza kushuka pale, akaomba radhi, jioni akapika, yakaisha.

"Nitatoka," alisema.

Bi Swabra akamwachia mkono. Akageuka. "Baba Najib, liweke kopo."

Mzee Mansur aliliweka. Aliliweka polepole juu ya ukingo, akaiacha na ndoo, akaondoka zake. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mwanasaumu akashuka. Pampu ikawashwa, maji yakamwagwa mitaroni mpaka kisima kikaanza kukoroma kwa kukauka. Tsofa, kijana wa kuchimba visima, akateremshwa kwa kamba. Ndoo ya kwanza aliyoituma juu ilikuwa makuti, lakini hukuweza kuyajua kuwa makuti. Yalikuwa uji mweusi wenye nyuzi, na yalinuka dawa na uozo kwa pamoja, harufu iliyowafanya watu wajifunike pua kwa vilemba. Ikaja nyingine. Ikaja nyingine. Wale waliokuwa wakinusa mfereji kama embe walisimama pale wakitazama walichokuwa wakinywa. Wengine walipanda wenyewe kulivunja lile paa. Tsofa alisugua kuta mpaka alasiri ikapita, na mabati yakawekwa pahali pa makuti.

Judy alipigiwa, akaja na pikipiki. Alisubiri maji mapya yajae, akapima kina, akamwonyesha Bi Swabra kiasi cha kutia. Bi Swabra alikataa mtu mwingine ashike kikombe. Alimimina yeye. Kesho yake asubuhi akafungua mfereji, akanusa, akanusa tena.

"Hayanuki kitu. Nitajuaje dawa imo?"

Judy, aliyekuwa amerudi kuangalia, alitia maji kwenye kichupa, akadondoshea kidonge, akatikisa. Maji yakageuka rangi ya waridi. "Hiyo waridi ndiyo dawa yako, Mama. Imo, ya kutosha kuua vijidudu. Ile harufu kali mliyoizoea, nyingi ilikuwa ni dawa ikigombana na uchafu."

Bi Swabra alikishika kile kichupa juani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku hizo zilizofuata hazikuwa nzuri kwa Mwanasaumu. Watu wa Mishomoroni walikuja, wakanusa mfereji, wakaondoka na mitungi yao mitupu. Kamati ilinung'unika kwamba kisima kimekufa jina. Wanawake wengine walimwita Mwenyekiti, kwa kicheko kisicho kizuri. Mzee Mansur aliacha kula alichopika yeye. Alinunua maji ya mkokoteni, yaliyotoka asikojua mtu, akayaweka chini ya kitanda chake.

Kisha asubuhi moja Bi Swabra akasimama mlangoni pa chumba cha Mwanasaumu. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mtoto wa Nyale anaharisha tangu jana."

Mwanasaumu alikuwa ameketi kitandani. Alimwona mama mkwe wake akitazama sanduku la nguo lililokuwa juu ya kabati. Mwanasaumu hakulitoa. Alivaa leso yake, akatoka, akaenda kwa Nyale kwa miguu yake mwenyewe, Bi Swabra nyuma yake.

Nyale alikuwa kizingitini anampepea mwanawe. Alipowaona alijua walichokuja nacho.

"Msije na nyuso hizo hapa," alisema. "Huyu amekula maembe mabichi na pilipili na chumvi, sinia zima, na wenzake, juu ya paa la choo. Mwenyewe kakiri. Wenzake wote wanaharisha, na mmoja ni wa Mkomani, hata maji yetu hajawahi kuyaonja."

"Umeenda naye zahanati?" Bi Swabra aliuliza.

"Nimetoka sasa hivi. Wamempa maji ya chumvi na sukari, wamemtazama, wamesema si kipindupindu. Na wamenicheka."

Bi Swabra aliketi pale pale chini, kwenye kizingiti cha watu, akajifunika uso na leso. Mabega yake yalitikisika. Mwanasaumu hakujua amguse au amwache. Alimwacha kidogo, kisha akaketi kando yake.

"Nilikuwa nikutoe," Bi Swabra alisema ndani ya leso. "Wallahi ningekutoa."

"Najua, Mama."

"Usidhani nimebadilika. Akiugua mtoto kweli nitakutoa."

"Najua."

Asubuhi iliyofuata mtungi haukufukizwa. Bi Swabra alichota, akanywa macho yote mawili wazi, akaenda kukanda unga.

Alibaki Mzee Mansur. Kila alasiri aliketi barazani, na kila alasiri Mwanasaumu alimletea bilauri ya maji ya kisima kwenye sahani, akaiweka karibu na mkono wake, akasema shikamoo. Mzee alijibu marahaba, maana hilo halikataliwi. Maji hakuyagusa. Jioni bilauri ilikuwa imejaa vile vile, na mdudu ameelea.

Siku moja alisema, bila kumtazama, "Hayanuki."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi maji yasiyonuka siyaamini."

"Najua, Baba."

"Na tumbo hilo, likipatwa na lililoyapata yale mawili, utasema ni kopo langu."

Mwanasaumu alikaa na neno lile. Lilimchoma, na hakulikimbia. "Sitasema, Baba. Hakuna anayejua yale mawili yalitokana na nini, hata Judy hajui. Nilijua tu kilichomo majini, na sikutaka kukinywa tena."

Upande wa kisimani pampu ilikuwa ikinguruma, na sauti ya Nyale ikimkaripia mtu aliyenusa mfereji.

Mwanasaumu aliitazama bilauri. Kisha akaichukua kwenye sahani, akainywa pale pale, amesimama mbele ya baba mkwe wake, funda kwa funda mpaka chini, jambo ambalo mkaza mwana halifanyi. Akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Nakuletea nyingine, Baba," alisema, akaenda kuijaza.